Bi Mkubwa, Windoze na Vibete Saba: majina ya utani ya programu na ya wenye nazo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeajiriwa hivi karibuni kwenye kitengo cha TEHAMA cha ofisi moja hapa Mwanza. Wakubwa zangu kazini wana jina la kejeli kwa kila programu na kila kampuni: "Windoze", "M$", "Big Blue". Mtumishi akipiga simu kwamba kompyuta yake imegoma, wanaandika "PEBKAC" kwenye tiketi yake na kucheka. Nacheka nao, lakini nusu ya majina hayo siyaelewi. Yalitoka wapi? Yana maana yoyote, au ni kupoteza muda tu? Na je, na mimi niyatumie?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi. Umeuliza mambo matatu. Yote nitayajibu, ila sitayapa uzito sawa, kwa sababu hilo la mwisho linagusa watu ambao hawapo mnapocheka.

Si kupoteza muda. Jina la utani la programu ni lalamiko lililofupishwa. Mtu anachoka kurudia sentensi ileile kila siku, anaifinya mpaka inabaki neno moja, mwenzake analidaka, na haupiti muda nchi ya pili inalitumia. Ukilichambua neno hilo utakuta ndani yake hitilafu iliyokuwapo kweli, kipindi ilipokuwapo, na aliyekuwa na nguvu kipindi hicho. Programu ambayo mtu anaweza kuiacha leo akachukua nyingine haipewi jina la kejeli, inaachwa, basi. Majina haya huwaangukia wale wasiokwepeka.

Miaka ya 1960 asiyekwepeka alikuwa IBM. Aprili 1964 kampuni hiyo ilitangaza System/360, familia ya kompyuta zilizoweza kuendesha programu zilezile kuanzia mashine ndogo hadi kubwa, ikawaacha mbali washindani wake wa Marekani. Washindani hao walikuwa saba: Burroughs, Univac, NCR, Control Data, Honeywell, General Electric na RCA. Wakaitwa Vibete Saba, kutoka ile hadithi ya Ulaya ya binti mfalme na vibete wa msituni, na IBM ikawa binti mwenyewe. Waliotajwa kwa dhihaka ni wadogo, lakini habari inayosimuliwa ni ukubwa wa mmoja. General Electric iliuza biashara yake ya kompyuta kwa Honeywell mwaka 1970, RCA ikajitoa mwaka uliofuata, na watano waliobaki wakapata jina jipya kwa kuunganishiwa herufi za mwanzo: BUNCH, yaani kundi tu la watu. Big Blue, hilo unalolisikia ofisini, lilishika baadaye. Bluu ndiyo rangi ya nembo ya IBM na ya mashine zake nyingi.

Wafanyakazi wa IBM nao walikuwa na lao. Walihamishwa vituo mara kwa mara, familia zikifungasha vyombo na watoto wakibadilisha shule, hadi wakazisoma herufi tatu za kampuni yao kuwa "I've Been Moved": nimehamishwa. Mimi hili nalipenda kuliko mengine yote ya enzi ile, kwa sababu halimtaji mteja wala mashine. Linazungumzia maisha ya nyumbani ya watu waliozitengeneza na kuziuza.

Kutoka enzi hiyohiyo kuna kifupisho kimoja ambacho nataka ukishike, maana utakutana nacho kila msimu wa bajeti. Gene Amdahl, mmoja wa wasanifu wakuu wa System/360, aliondoka IBM mwaka 1970 akaanzisha kampuni yake kushindana nayo. Neno FUD lilienea kutokana na yeye: ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yanayomaanisha hofu, kukosa uhakika na shaka. Alikuwa akieleza kile ambacho, kwa maoni yake, wauzaji wa IBM walikipanda vichwani mwa wateja waliofikiria kununua mashine zake. Muuzaji hahitaji kusema uongo. Anauliza tu: "Una hakika hawa watakuwapo miaka mitano ijayo? Mkurugenzi wako atasema nini ikigoma?" Mteja anarudi alikotoka. Siku muuzaji atakapomwambia bosi wako kwamba mkihama kwake kumbukumbu zenu "zinaweza" kupotea, bila kusema zitapoteaje, hiyo ndiyo FUD. Mwombe aandike.

Sasa Microsoft, iliyopata majina mengi kuliko kampuni yoyote ya programu niijuayo. Ile alama ya dola katika "M$" ina historia ndefu kuliko vijana wanavyodhani. Februari 1976 Bill Gates, kijana wa miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi watu waliokuwa wakiunda kompyuta majumbani kwa mapenzi yao tu. Aliwalaumu kwamba wengi wao wanatumia BASIC, programu ya lugha ya kuandikia programu iliyouzwa na kampuni yake, bila kuilipia, na akauita huo wizi. Wale jamaa walikuwa na desturi ya kupeana programu kwa mkono kama watu wanaopeana mbegu za mchicha, na barua ile iliwaudhi sana. Kwa upande wa sheria Gates alikuwa na hoja. Lakini tangu hapo kukawa na watu ambao kwao jina la kampuni hii na pesa ni kitu kimoja. Alama yenyewe ilikuwa tayari vidoleni mwao, kwa sababu katika lugha ya BASIC vigeu vinavyobeba maandishi huishia na $.

"Windoze" ni wepesi zaidi. Kwa Kiingereza sehemu ya mwisho inamaanisha kusinzia, na aliyewahi kukaa mbele ya kompyuta ya miaka ya 1990 akitazama kile kioo cha mchanga cha kupimia saa anajua usingizi unaosemwa. Windows Me, iliyotoka mwaka 2000 na kugandaganda ovyo, herufi zake mbili zilisomwa kuwa "Mistake Edition", toleo la makosa. Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft cha kufungulia tovuti, ikawa "Internet Exploder", kilipukaji. Haya yalikuwa maarufu mno kati ya 1995 na 2005, na sababu si kwamba programu za Microsoft ndizo zilizokuwa mbovu kuliko zote duniani. Sababu ni kwamba ukinunua kompyuta, Windows ilikuwa imo, na Explorer imo ndani ya Windows, upende usipende. Mei 1998 serikali ya Marekani na majimbo kadhaa waliishtaki kampuni hiyo kwa kuhodhi soko. Mwaka 2000 jaji akaamuru igawanywe mara mbili. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ikaitengua amri hiyo ya kugawanywa, ila ikakubali kwamba kampuni ilikuwa imelinda uhodhi wake kinyume cha sheria. Kwa hiyo wale waliokuwa wakiandika "M$" walikuwa wakilalamikia jambo ambalo mahakama nayo ililiona.

Kisha vivinjari vingine vikaja, simu zikaja, na watu wakapata pa kwenda. Angalia kilichotokea kwa majina. Explorer ilipostaafishwa Juni 2022, mhandisi mmoja wa Korea Kusini aliichongea jiwe la kaburi na kuandika juu yake kwamba ilikuwa zana nzuri ya kupakulia vivinjari vingine. Picha ya jiwe lile ilizunguka dunia. Uchungu wa "kilipukaji" ulikuwa umekwisha, umebaki ucheshi wa watu waliokwisha kuhama.

Jina lililodumu kuliko yote ya Microsoft ni Skrini ya Bluu ya Mauti, kwa kifupi BSOD: ule ukuta wa bluu wenye maandishi meupe unaokuja Windows inapokwama kabisa. Lilipata umaarufu wa pekee tarehe 20 Aprili 1998 kwenye maonyesho ya kompyuta ya COMDEX mjini Chicago. Msaidizi wa Gates alikuwa akionyesha urahisi wa kuchomeka skana kwenye Windows 98, akaichomeka, na ukuta wa bluu ukajaza skrini kubwa mbele ya umati wote. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Gates alijibu vizuri, kwamba bila shaka ndiyo sababu bado hawajaanza kuiuza.

Ila nataka uone upande wa pili wa jina hili. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta takriban milioni 8.5 zilikwama kwa ukuta uleule, viwanja vya ndege vikasimama, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Kosa halikuwa la Windows. Lilikuwa faili bovu la sasisho lililotumwa na CrowdStrike, kampuni ya usalama. Lakini rangi waliyoiona watu ilikuwa bluu, na jina la bluu lilikuwa na mwenyewe tayari, kwa hiyo mamilioni ya watu siku ile waliilaumu Microsoft kwanza. Jina la utani likishashika, linampa lawama mwenye jina hata asipohusika. Mtu wa TEHAMA anayefikiri kwa majina badala ya kusoma kumbukumbu za mfumo atachunguza pasipohusika. Mwaka 2025 Microsoft yenyewe ilitangaza kwamba ukuta huo sasa utakuwa mweusi. Kwa Kiingereza bluu na nyeusi zote zinaanza na B, basi BSOD imebaki BSOD.

Usidhani haya ni ya Wamarekani peke yao. Wafaransa wana "Windaube", ndani yake mna neno lao la mtaani la kitu hovyo. Waitaliano wana "Winzozz", kwa maana ya uchafu. Wajerumani wameichukua SAP, kampuni yao wenyewe ya programu za biashara iliyoanzishwa mwaka 1972 na watu watano waliotoka IBM, wakazisoma herufi zake kuwa "Sanduhr-Anzeige-Programm": programu ya kuonyesha kioo cha mchanga. Yeyote aliyewahi kusubiri ripoti ya mwisho wa mwezi itoke kwenye mfumo mkubwa wa uhasibu ataelewa bila kujua Kijerumani. Si yote ni ya chuki pia. Warusi waliiita ICQ, programu ya kuchati ya zamani, "Asya", jina la msichana, na Wabrazili huita WhatsApp "Zap" kwa mapenzi matupu.

Lakini China ndiko utajiri uliko. Jina rasmi la Microsoft kwa Kichina lina maana ya kidogo na laini. Watumiaji wakaligeuza likawa kikubwa na kigumu. Baidu, mtambo wao wa kutafuta, wanauita Bibi Du, kama mama wa kuulizwa kila kitu. Tencent, ambayo alama ya programu yake ya QQ ni ndege pengwini, inaitwa Kiwanda cha Bata Bukini. NetEase, kampuni ya michezo ya mtandaoni, inaitwa Kiwanda cha Nguruwe, na hili si tusi, kwa sababu mwanzilishi wake aliingia kweli kwenye ufugaji wa nguruwe mwaka 2009. Sasa jiulize kwa nini kila mahali ni "kiwanda". Hayo ni maneno ya wafanyakazi. Ofisi zina vioo na kahawa ya bure, lakini aliye ndani anajiona yuko kwenye mstari wa uzalishaji. Machi 2019 waandaaji programu wa China walianzisha kampeni mtandaoni dhidi ya utaratibu unaoitwa 996: kuingia saa 3 asubuhi, kutoka saa 3 usiku, siku sita kwa wiki. Mwezi uliofuata Jack Ma, mwanzilishi wa Alibaba, kampuni ya biashara ya mtandaoni, akasema kwamba kupata nafasi ya kufanya kazi hivyo ni baraka. Tangu hapo Alibaba ina jina jipya: Kiwanda cha Baraka. Halina neno moja la matusi, na sijui ni jibu gani jingine ambalo lingemfikia bwana yule kwa ukamilifu zaidi.

Hapa naomba nikupeleke kwenye jambo tunalolijua vizuri sisi. Ukimsikia mtu anasema "Utopolo", huhitaji kumuuliza anashabikia timu gani: ni Simba. Akisema "Makolo", ni Yanga. Jina la utani linamtaja anayelisema kabla ya anayesemwa. "M$" na "Windoze" zilifanya kazi hiyohiyo. Aliyeandika hivyo alikuwa anatangaza kwamba yeye ni wa Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta usiouzwa kama Windows, na programu huria, na wenzake walimtambua. Na kama ilivyo kwa watani wa jadi, utani una masharti: unamtania anayeweza kukujibu, na msiba ukitokea unafika. Sharti hilo la kwanza lishike, nitalirudia.

Watengenezaji wa programu wanajitania wenyewe pia, na wanaanza na kazi zao. Maabara za Bell, za utafiti za kampuni ya simu ya Marekani, zilipojitoa mwaka 1969 kwenye mradi mkubwa na mzito wa mfumo wa kuendesha kompyuta ulioitwa Multics, watafiti wake walitengeneza mfumo mdogo na mwenzao Brian Kernighan akapendekeza uitwe Unics, kwa kubadilisha "wingi" kuwa "umoja". Ndio Unix ya leo. Mwaka 1983 Richard Stallman, mtetezi wa programu huria, alitangaza mradi wa GNU, jina ambalo ukilirefusha linasema "GNU si Unix", na ukiirefusha GNU iliyo ndani yake unarudi palepale bila mwisho. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliita chombo chake cha mwaka 2005 cha kutunza matoleo ya programu "git", neno la Kiingereza cha Uingereza la mtu mkorofi, akaeleza kwamba kazi zake zote huzipa jina lake mwenyewe, kwanza Linux na sasa hii. Jina la Emacs, programu ya kuhariri maandishi, lilirefushwa kuwa "megabaiti nane na bado inahangaika kuhamisha kumbukumbu". Hebu liangalie hilo. Megabaiti nane zilikuwa ulafi siku zile. Leo hazitoshi picha nne za simu yako. Jina limeuhifadhi mwaka wake.

Kwetu Afrika Mashariki majina mengi yameiangukia simu, kwa sababu kwa walio wengi simu ndiyo kompyuta. Kitochi kwa Tanzania, mulika mwizi kwa Kenya, ni simu ndogo yenye tochi, na jina linasema kilichomfaa mnunuzi. Mikopo ya riba kali tukaiita kausha damu, na zilipokuja programu za kukopesha kwa simu, zile zinazowatumia ujumbe ndugu na marafiki zako ukichelewa kulipa, nazo zikaingia kwenye jina hilo. Ni jina la haki. Limebeba kilio cha watu walioaibishwa mbele ya jamaa zao kwa deni dogo.

Lakini tuna msemo mmoja unaonisumbua: "mtandao unasumbua", au "sistimu iko chini". Unausikia kwenye kila dirisha la huduma. Mama amesafiri kutoka kijijini, amepanga foleni tangu asubuhi, anaambiwa sistimu iko chini, anarudi nyumbani. Ipi? Ya nani? Iko chini kwa sababu diski imejaa, leseni haijalipiwa, cheti cha usalama kimekwisha muda, au kebo imekatwa na wachimba mtaro? Wenzetu wa nchi nyingine walipolalamika waliitaja kampuni kwa jina hata kama ni jina la kejeli, na kampuni ikajua inasemwa. Sisi tumetengeneza neno lisilo na mwenyewe, na lawama isiyo na mwenyewe haimfikii mtu wa kuirekebisha. Hapo natamani tungekuwa na kejeli zaidi, si pungufu.

Maana kejeli ikisikilizwa inatibu. Ofisi moja niliyowahi kuihudumia, wahasibu waliuita mfumo wao Bi Mkubwa. Kila asubuhi mtu akiingia anauliza, "Bi Mkubwa ameamka?" kwa sababu kabla ya saa 3 haufungui ankara hata moja, na baada ya hapo unakimbia vizuri. Wataalamu waliokuwapo walisema wahasibu hawajui kuutumia. Tulipoacha kubishana na kuwauliza kwa nini wamelichagua jina hilo, jibu lilikuwa la wazi: ni kila siku, ni saa ileile, na mwisho wake ni saa ileile. Tukatazama ratiba. Wakati mfumo unasimikwa, fundi aliambiwa chelezo, yaani nakala ya akiba ya data, ifanyike saa 8 usiku. Akaandika 08:00. Kwa saa ya kompyuta hiyo ni saa 2 asubuhi, muda ambao watu wote wanaingia kazini. Tulibadilisha ikawa 02:00, na tangu kesho yake Bi Mkubwa aliwahi kuamka kuliko wahasibu. Jina lilikuwa na habari yote ya hitilafu ndani yake, wakati na muda unaochukua, na lilitungwa na watu walioambiwa hawajui.

Ndiyo maana PEBKAC inanikera. Herufi hizo zinafupisha sentensi ya Kiingereza isemayo kwamba tatizo lipo kati ya kibodi na kiti, yaani ni mtumiaji. Zina ndugu wengi. Mitandao hufundishwa kwa tabaka saba, kwa hiyo mtumiaji anaitwa "tabaka la nane". Wadenmaki husema "hitilafu ya 40", sentimita 40 kutoka kwenye skrini. Wabrazili wameigeuza BIOS, programu inayoiamsha kompyuta inapowashwa, kuwa mnyama mjinga anayeendesha mfumo. Kiufundi ni maneno yaliyotungwa vizuri, sikatai. Lakini rudi kwenye sharti la utani. Microsoft inaweza kujibu. Ina mawakili, ina matangazo, na mwaka 2001 iliweza hata kufanya tangazo la kumcheka Clippy, yule mwanasesere wa pini ya karatasi aliyewachosha watu kwenye Office. Karani wa masijala aliyepiga simu hajui hata kwamba ameandikwa PEBKAC. Huyo huwezi kumwita mtani wako.

Na madhara yake yanaweza kupita kicheko. Nchini Uingereza, kuanzia mwaka 1999, vituo vidogo vya posta vilifungiwa mfumo wa hesabu uitwao Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa pesa ambao haukuwapo. Wasimamizi wa vituo walipiga simu kuomba msaada, na wengi wameshuhudia kwamba waliambiwa hakuna mwingine mwenye shida hiyo. Yaani tatizo ni wao. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu. Wapo waliofungwa, wapo waliouza nyumba zao kufidia upungufu wa uongo, wapo waliojiua. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilisema mfumo ulikuwa na kasoro zenye uwezo wa kuleta upungufu huo, na Mei 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja. Sisemi kila anayeandika PEBKAC anamfunga mtu. Nasema imani iliyoko ndani ya herufi zile, kwamba mashine ni sahihi na mtu ndiye mbovu, ndiyo iliyowafunga wale.

Kwa swali lako la tatu, basi. Majina ya makampuni na programu yajue yote, na ucheke nayo na wenzako. Yatakufundisha historia ya kazi yako kuliko vitabu vingi vya chuo. Usiyaandike kwenye barua ya muuzaji, ripoti ya bosi wala ombi la msaada, kwa sababu msomaji akiona "Windoze" anajua upande wako kabla hajajua tatizo lako, na muuzaji atakuwa amepata njia ya kukupuuza. Andika kile ambacho jina linakificha. Badala ya kusema inasinzia, sema inachukua dakika ngapi kufunguka, kwenye mashine zipi, tangu sasisho lipi. Kama ofisi yenu ina Bi Mkubwa wake, waulize waliompa jina wamelitoa wapi, na uandike wanachokisema kama kilivyo.

Majina ya kuwakejeli watumiaji usiyatumie kabisa, wala kwa mdomo. Zaidi ya heshima, kuna sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuona taarifa zake zinazotunzwa, na tiketi yenye jina lake ni taarifa yake. Wakubwa zako huna haja ya kubishana nao mbele za watu, wewe bado mgeni. Wewe zifungue upya zile tiketi zilizofungwa kwa herufi hizo, kuanzia ya juzi kurudi nyuma, umpigie mwenye kila moja, umwombe arudie alichokuwa anafanya huku ukitazama. Tatu zikikugandia kwenye skrini moja, au kwenye saa moja ya siku, peleka hizo tatu kwa mkuu wa kitengo zikiwa na tarehe na picha za skrini.